FELIX MENDELSSOHN BARTHOLDY (1809–1847): MTUNZI NA KIONGOZI WA OKESTRA ALIYELIRUDISHIA KANISA HAZINA YAKE

Katika kurasa zilizotangulia msomaji amekutana na majina ya wazee walioanzisha kazi ya Injili mahali hapa, ya wachungaji na wainjilisti waliolichunga kundi, na ya walimu wa kwaya waliofundisha nyimbo jioni kwa jioni kwa mwanga wa taa ya mafuta. Sura hii inamkumbuka mtu ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika, na ambaye alifariki miaka mingi kabla usharika wetu haujazaliwa. Hata hivyo, kumbukumbu yake ina mahali pake katika kitabu hiki. Mtu huyo alifanya kazi yake kubwa katika mji wa Leipzig, nchini Ujerumani, ambao jina lake si geni kwa Walutheri wa Tanzania. Kwani huko ndiko ilikotoka Misheni ya Leipzig, ambayo watumishi wake walifika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893.

Zaidi ya hayo, maisha yake yanatukumbusha jambo linalofaa kutafakariwa na kila usharika unaotimiza miaka mia moja: urithi wa imani unaweza kuhifadhiwa kabatini hadi ukasahauliwa, na mara nyingine Mungu humtuma mtu ambaye wengi hawakumtazamia ili aurudishe vinywani mwa watu.

Ukoo na ubatizo

Felix Mendelssohn alizaliwa mjini Hamburg tarehe 3 Februari 1809, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne. Baba yake, Abraham, alikuwa mwenye benki. Mama yake, Lea, alikuwa mwanamke msomi, naye ndiye aliyewapa watoto masomo yao ya kwanza ya piano. Dada yake mkubwa, Fanny, alizaliwa mwaka 1805. Wadogo zake walikuwa Rebecka na Paul. Mwaka 1811, Hamburg ikiwa mikononi mwa Wafaransa, familia ilihamia Berlin.

Ukoo wao ulikuwa wa Kiyahudi, tena wenye heshima kubwa. Babu yake, Moses Mendelssohn, aliingia Berlin mwaka 1743 akiwa kijana maskini wa miaka 14, akajielimisha kwa juhudi hadi akawa mwanafalsafa aliyesifiwa Ulaya nzima, na akaitafsiri Torati kwa Kijerumani. Lakini heshima hiyo haikuwafungulia wajukuu wake milango yote. Sheria na desturi za wakati ule ziliwazuia Wayahudi wasishike nafasi nyingi za utumishi, na chuki dhidi yao ilikuwa jambo la kawaida mitaani na hata katika nyumba za wasomi.

Tarehe 21 Machi 1816 watoto wote wanne walibatizwa mjini Berlin na mchungaji wa Kiprotestanti. Wazazi wao walibatizwa mwaka 1822. Familia ikaongeza jina la Bartholdy, ambalo ndugu wa mama yao alikuwa amekwisha kulichukua alipoingia Ukristo. Baada ya muda baba alitamani mwanawe aliache kabisa jina la Mendelssohn na kuitwa Bartholdy peke yake, ili watu wasiendelee kumtazama kama Myahudi. Felix alimheshimu sana baba yake, lakini katika jambo hili hakukubali. Alibaki na majina yote mawili. Alikuwa Mkristo kwa imani, wala hakuona haya kuwa mjukuu wa Moses Mendelssohn.

Wako waliodhani kwamba ubatizo wa familia hiyo ulikuwa vazi la nje tu. Maisha ya Felix yanashuhudia vinginevyo. Tangu ujana wake hadi mwisho alitunga muziki wa Zaburi, nyimbo za ibada na kazi kubwa za Biblia. Tena alikuwa na desturi ya kuandika juu ya ukurasa wa kwanza wa kazi zake herufi chache, kifupi cha sala ya kumwomba Mungu amsaidie katika kazi aliyokuwa akiianza.

Mtoto mwenye kipaji na nidhamu

Malezi ya nyumbani yalikuwa makali. Watoto waliamshwa saa kumi na moja alfajiri wakaanza masomo. Walifundishwa lugha, hesabu, uchoraji na muziki, na hawakuruhusiwa kukaa bure. Mwalimu wa Felix na Fanny katika utunzi alikuwa Carl Friedrich Zelter, kiongozi wa Sing-Akademie, kwaya kubwa ya Berlin iliyokuwa ikitunza nyimbo za zamani za kanisa. Zelter alikuwa mtu wa maneno makavu lakini mwalimu hodari. Aliwafundisha kwa njia ya Johann Sebastian Bach, yaani jinsi sauti nne zinavyoweza kwenda kila moja kwa njia yake na bado zikapatana.

Mwaka 1821 Zelter alimpeleka mwanafunzi wake, aliyekuwa na umri wa miaka 12, mjini Weimar kwa mshairi Goethe, mzee aliyeheshimiwa kuliko wote katika fasihi ya Kijerumani. Mzee huyo alimpenda mtoto, akamwita siku kwa siku ampigie piano. Nyumbani Berlin wazazi waliandaa mikusanyiko ya muziki siku za Jumapili na kuwaalika wanamuziki wa kulipwa, na kijana akapata nafasi ya kuwaongoza watu wazima walipopiga kazi alizozitunga mwenyewe. Hivyo alijifunza mapema kwamba kiongozi wa muziki hafanyi kazi na nota tu. Anafanya kazi na watu.

Alipokuwa na miaka 16, mwaka 1825, alitunga kazi ya vyombo nane vya nyuzi ambayo hadi leo hupigwa popote penye wanamuziki hodari. Mwaka uliofuata alitunga utangulizi wa tamthilia ya Shakespeare ya Ndoto ya Usiku wa Kiangazi. Watunzi wengi mashuhuri hawakuwa wameandika chochote cha kudumu katika umri huo.

Hazina iliyosahauliwa: mwaka 1829

Bach alikuwa mwalimu na kiongozi wa muziki katika Kanisa la Mtakatifu Thomaso, Leipzig, tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Mojawapo ya kazi zake kubwa ni Mateso ya Kristo kwa mujibu wa Mathayo, iliyoimbwa kwanza siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1727. Ndani yake kwaya mbili na okestra mbili husimulia habari ya mateso ya Bwana, na katikati ya masimulizi huingia tenzi zile zile za Kilutheri ambazo washarika walizijua kwa moyo.

Baada ya kifo cha Bach kazi hiyo haikusikika tena nje ya Leipzig, na hata huko ilinyamaza. Muziki ulibadilika, watu wakapenda mambo mapya. Zelter alikuwa na nakala, na aliwaonjesha waimbaji wake sehemu kadhaa faraghani, lakini aliona kwamba watu wa kizazi chake wasingeweza kustahimili kuisikia yote. Felix alipokuwa angali kijana mdogo, bibi yake mzaa mama, Bella Salomon, alimpa nakala ya nota zake kama zawadi. Kijana aliisoma kwa miaka kadhaa mpaka ikamkaa moyoni.

Rafiki yake Eduard Devrient, mwimbaji na mwigizaji wa jukwaani, alimsukuma waifanye kazi hiyo hadharani. Wawili hao walimwendea Zelter, naye mwanzoni akawakatalia. Walivumilia maneno yake makali, wakaendelea kumsihi hadi akakubali. Mazoezi yakaanza. Waimbaji waliokuja kwa mashaka walirudi zoezi baada ya zoezi, na idadi yao ikaongezeka.

Tarehe 11 Machi 1829, katika ukumbi wa Sing-Akademie, Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliongoza Mateso ya Mathayo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza kazi kubwa kiasi hicho mbele ya umma. Aliifupisha, akiacha nyimbo kadhaa za sauti moja, ili habari ya mateso isonge mbele bila kuwachosha watu ambao hawakuizoea. Devrient aliimba sehemu ya Bwana Yesu. Mfalme wa Prussia alikuwapo, pamoja na mwanafalsafa Hegel na mwanateolojia Schleiermacher. Tikiti zilikwisha upesi, na watu wengi wakakosa nafasi. Kazi ikarudiwa tarehe 21 Machi, siku ya kukumbuka kuzaliwa kwa Bach.

Tangu siku hizo muziki wa Bach ulianza kurejea, kwanza katika miji ya Ujerumani, kisha duniani kote. Devrient alisimulia baadaye kwamba Felix, ambaye kwa kawaida hakupenda kuzungumzia asili yake, alitamka mara moja kwa mshangao wa furaha kwamba muziki mkuu kuliko wote wa Kikristo ulikuwa umerudishwa kwa watu na mwigizaji wa jukwaani na kijana wa Kiyahudi.

Kukataliwa

Mwaka 1830 Walutheri walijiandaa kuadhimisha miaka 300 ya Ungamo la Augsburg. Mendelssohn alitunga simfonia kwa ajili ya kumbukumbu hiyo, ambayo sehemu yake ya mwisho imejengwa juu ya utenzi wa Martin Luther unaotokana na Zaburi ya 46. Kazi hiyo haikupigwa katika maadhimisho yale. Ilisikika Berlin mwaka 1832, lakini mtunzi mwenyewe hakuridhika nayo, akaiweka kando. Ilichapishwa mwaka 1868, miaka 21 baada ya kifo chake, nayo sasa hujulikana kama Simfonia ya Matengenezo.

Pigo kubwa zaidi lilikuja baada ya Zelter kufariki mwaka 1832. Sing-Akademie ilihitaji kiongozi mpya, na familia ikamhimiza Felix agombee. Kura zilipigwa Januari 1833. Felix alipata kura 88. Mpinzani wake, Carl Friedrich Rungenhagen, mzee aliyekuwa msaidizi wa Zelter kwa miaka mingi, alipata 148. Waandishi wa maisha yake hutaja ujana wake, na hutaja pia asili yake ya Kiyahudi, kuwa miongoni mwa sababu. Jambo lililo wazi ni kwamba kwaya ile aliyoiletea sifa Ulaya nzima haikumtaka awe kiongozi wake. Familia ya Mendelssohn ilijitoa katika kwaya hiyo kwa uchungu.

Naye hakukaa akinung'unika. Mwaka huo huo aliongoza Simfonia yake ya Kiitalia mjini London, akaitwa Düsseldorf kuwa mkuu wa muziki wa mji ule. Huko alirudisha makanisani kazi za watunzi wa zamani. Milango iliyofungwa Berlin ilimpeleka mahali palipomngojea.

Leipzig: kazi ya kiongozi wa okestra

Mwaka 1835 Mendelssohn aliitwa kuiongoza okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig. Jina hilo lina maana ya jumba la nguo, kwa sababu ukumbi wa muziki ulijengwa ndani ya jumba la wafanyabiashara wa vitambaa. Aliongoza tamasha lake la kwanza tarehe 4 Oktoba 1835. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kabla yake, desturi ya Leipzig ilikuwa kwamba simfonia ziongozwe na mpiga fidla wa kwanza akiwa kitini pake, huku naye akipiga. Mendelssohn alisimama mbele ya wanamuziki akiwa na fimbo ndogo mkononi, akawajibika kwa kila sauti. Alisikiliza kwa makini, akasahihisha kwa upole lakini bila kulegeza, na hakuridhika mpaka kila mmoja aelewe nafasi yake katika jumla. Mwaka 1836 alimleta rafiki yake Ferdinand David kuwa mpiga fidla wa kwanza, na kwa pamoja waliifanya okestra ya mji wa wastani kuwa mfano kwa Ulaya nzima.

Aliandaa tamasha za kihistoria, ambamo wasikilizaji walipelekwa hatua kwa hatua kutoka nyakati za Bach na Händel hadi wakati wao. Hakuwasahau walio hai wala waliofariki bila kusikilizwa. Tarehe 21 Machi 1839 aliongoza kwa mara ya kwanza simfonia kubwa ya Franz Schubert, aliyefariki mwaka 1828, baada ya Robert Schumann kuikuta Vienna miongoni mwa karatasi zilizoachwa na marehemu. Mwaka 1841 aliongoza kwa mara ya kwanza simfonia ya kwanza ya Schumann mwenyewe. Mtu aliyekuwa mtunzi mashuhuri alitumia nguvu zake nyingi ili kazi za wengine zisikike.

Aidha, aliwatetea wanamuziki wake. Watu hao walipiga katika ukumbi, katika jumba la maonyesho na katika makanisa makuu ya mji, lakini malipo yao yalikuwa haba. Mendelssohn aliuendea utawala wa mji mara kwa mara hadi mishahara ikaongezwa. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba mwanamuziki wa kanisa huishi kwa sifa peke yake.

Tarehe 2 Aprili 1843 chuo cha muziki kilifunguliwa Leipzig kwa juhudi zake, kwa kutumia fedha zilizoachwa katika wosia wa raia mmoja wa mji. Schumann na David walikuwa miongoni mwa walimu. Mwezi huo huo, tarehe 23 Aprili, mnara wa kumbukumbu ya Bach ulizinduliwa karibu na Kanisa la Mtakatifu Thomaso. Mendelssohn alikuwa ameuchangia kwa jasho lake. Tarehe 6 Agosti 1840 aliketi peke yake kwenye kinanda kikuu cha kanisa hilo na kupiga kazi za Bach, na mapato yakaingia katika mfuko wa mnara. Jumapili ya Mitende ya mwaka 1841 aliongoza Mateso ya Mathayo katika kanisa lile lile ambamo Bach alitumika. Siku ya uzinduzi alikuwapo mzee wa miaka 83, mjukuu wa mwisho wa Bach aliyekuwa hai.

Neno la Mungu katika sauti nyingi

Kazi tatu za Mendelssohn zinastahili kutajwa kwa namna ya pekee mbele ya wasomaji wa kitabu hiki.

Ya kwanza ni Paulo, iliyoimbwa kwanza Düsseldorf tarehe 22 Mei 1836. Inasimulia kuuawa kwa Stefano, kuongoka kwa Sauli na safari za mtume. Kama alivyofanya Bach, Mendelssohn aliingiza tenzi za Kilutheri katikati ya masimulizi, ili usharika ujione umo ndani ya habari. Baba yake alikuwa ameingojea kazi hii kwa hamu kubwa, lakini alifariki Novemba 1835, na Felix aliimaliza akiwa katika majonzi.

Ya pili ni Wimbo wa Sifa, ulioimbwa katika Kanisa la Mtakatifu Thomaso tarehe 25 Juni 1840, mji wa Leipzig ulipoadhimisha miaka 400 ya ufundi wa kupiga chapa wa Gutenberg, ambao ndio uliowezesha Biblia ya Luther kufika nyumbani mwa watu. Kwa maadhimisho hayo hayo alitunga pia wimbo wa kuimbwa uwanjani. Miaka minane baada ya kifo chake, mwanamuziki wa Uingereza, William Cummings, aliichukua sauti ya wimbo huo na kuiunganisha na maneno ya Charles Wesley juu ya malaika wanaotangaza kuzaliwa kwa Mfalme. Hivyo watu wa mataifa mengi huimba sauti ya Mendelssohn kila Krismasi bila kujua jina lake.

Ya tatu ni Eliya. Mchungaji Julius Schubring wa Dessau, rafiki yake wa siku nyingi, alimsaidia kupanga maneno kutoka katika vitabu vya Wafalme, Zaburi na manabii. Iliimbwa kwanza Birmingham, Uingereza, tarehe 26 Agosti 1846, mtunzi mwenyewe akiongoza, na wasikilizaji wakadai sehemu nane zirudiwe. Ndani yake tunamwona nabii akikabiliana na manabii wa Baali katika mlima Karmeli, tena tunamwona amechoka jangwani, akiomba afe. Mungu hakumjia katika upepo, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali katika sauti tulivu. Mtu aliyeandika muziki wa sehemu hiyo alikuwa mwenyewe amechoka.

Dada, huzuni na mwisho wa safari

Mwaka 1837 Felix alimwoa Cécile Jeanrenaud wa Frankfurt, binti wa mchungaji wa Kanisa la Kifaransa la Kireformati aliyekwisha kufariki. Walijaliwa watoto watano. Lakini miaka hiyo ilijaa safari, maana mfalme wa Prussia alimwita Berlin, na Uingereza alikwenda mara kumi. Mama yake alifariki Desemba 1842. Mwili wake ulianza kulemewa.

Habari zake haziwezi kukamilika bila Fanny. Dada huyo alikuwa na kipaji kilicholingana na chake. Wote wawili walifundishwa na mwalimu mmoja. Lakini baba yao alimwambia angali msichana kwamba kwake muziki ungekuwa pambo tu, wala si kazi. Felix, ambaye alitegemea maoni ya dada yake katika kila alichoandika, naye hakumtia moyo achapishe. Baadhi ya nyimbo za Fanny zilitoka zikiwa na jina la Felix. Malkia Victoria alipochagua wimbo mmoja aliokuwa akiupenda kati ya nyimbo za Felix, Felix alilazimika kukiri kwamba aliyeutunga alikuwa Fanny. Mwaka 1846, akiwa na miaka 40, Fanny aliamua kuchapisha kazi zake kwa jina lake mwenyewe, na hatimaye kaka yake akampa baraka. Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Tunayaandika kwa sababu yule aliyefumbua masikio ya Ulaya yamsikie Bach alichelewa kumsikia dada wa nyumbani kwake.

Tarehe 14 Mei 1847 Fanny alikuwa akifanya mazoezi ya kazi ya Felix na wanamuziki wake nyumbani Berlin. Ghafla mikono yake ikakosa nguvu, na jioni ile akafariki kwa kiharusi. Felix alipopata habari alianguka. Majira ya kiangazi alikwenda Uswisi kupumzika, akatunga kazi ya vyombo vinne vya nyuzi iliyojaa maombolezo. Aliporudi Leipzig alipatwa na kiharusi mara kadhaa, akafariki tarehe 4 Novemba 1847, akiwa na miaka 38. Ibada ya mazishi ilifanyika katika Kanisa la Mtakatifu Paulo, Leipzig, kisha mwili ulisafirishwa kwa treni hadi Berlin, akazikwa karibu na dada yake.

Sanamu iliyong'olewa

Kifo hakikumaliza majaribu ya jina lake. Mwaka 1850 mtunzi Richard Wagner, akijificha nyuma ya jina la kubuni, alichapisha makala ya kudai kwamba Myahudi hawezi kutunga muziki wenye kina, na Mendelssohn akiwa mfano wake. Mwaka 1869 aliitoa tena kwa jina lake halisi. Mbegu hiyo mbaya ilikua. Utawala wa Wanazi uliposhika nchi mwaka 1933, muziki wa Mendelssohn ulifukuzwa katika kumbi, ingawa alikuwa Mkristo aliyebatizwa tangu utotoni.

Mbele ya Gewandhaus ilisimama sanamu yake, iliyowekwa mwaka 1892. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1936, meya wa mji Carl Goerdeler akiwa safarini, sanamu hiyo ilibomolewa. Goerdeler alidai irudishwe. Alipokataliwa aliacha umeya. Baadaye alijiunga na waliopinga utawala ule, akanyongwa tarehe 2 Februari 1945. Inasikitisha kukumbuka kwamba sauti za Wakristo wa Ujerumani waliokuwa tayari kumtetea mwana huyu wa kanisa lao zilikuwa chache.

Vita vilipokwisha muziki wake ulirudi. Nyumba aliyofia Leipzig ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1997, na mwaka 2008 sanamu iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya zamani ilisimamishwa karibu na Kanisa la Mtakatifu Thomaso, jirani na mwalimu wake Bach ambaye hakuwahi kuonana naye.

Fundisho kwa usharika wetu

Misheni ya Leipzig ilihamia katika mji huo mwaka 1848, mwaka mmoja tu baada ya Mendelssohn kufariki. Wamisionari waliotumwa kutoka huko walikuja na Biblia, na walikuja pia na tenzi zile zile ambazo Bach alizipamba na Mendelssohn akazirudisha masikioni mwa watu. Wazee wetu walizipokea, wakaziimba kwa lugha zao na kwa Kiswahili, na wakaongeza nyimbo zilizozaliwa katika udongo huu.

Leo tunaposherehekea miaka mia moja, yafaa tujiulize maswali matatu. Je, ni nyimbo gani za wazee wetu zimebaki katika madaftari yaliyoliwa na mchwa, zikingoja kijana mmoja wa miaka 20 aziombee nafasi? Je, ni nani kati yetu anayetazamwa kwa sababu ya ukoo wake au alikotoka, ilhali Mungu ameweka mikononi mwake kitu ambacho Kanisa limekipoteza? Na je, ni dada yupi katika kwaya zetu ambaye kazi yake huimbwa huku jina lake halitajwi?

Wazee wa Sing-Akademie walimkataa kwa kura, na watu wa Leipzig walimng'oa kwa kamba na nyundo. Lakini kila Ijumaa Kuu, popote Mateso ya Mathayo yanapoimbwa, kazi ya Felix Mendelssohn Bartholdy inaendelea. Mungu azibariki kwaya zetu katika miaka mia moja ijayo, nazo zitunze walichokabidhiwa na kukiimba. Amina.